Usiache Alteneta Yako ya Zamani Dukani

Ijumaa moja ya mwezi wa Mei, mvua ya masika ikiwa imeshika tangu alasiri, nilikuwa kwenye foleni ya magari yanayosubiri feri upande wa kisiwani Mombasa, nikirudi nyumbani Likoni. Taa zilikuwa zimewashwa, waipa zinakwenda, na kiyoyozi kinapuliza ili kioo kisishike ukungu, huku foleni ikisogea urefu wa magari mawili matatu kisha ikisimama tena. Nikaanza kuona taa za mbele zikififia kila nilipoondoa mguu kwenye mafuta, na zikirudi kung'aa kila nilipokanyaga. Tulipoingia ndani ya feri nilizima injini, na tulipofika ng'ambo nikageuza ufunguo. Stata ikatoa mlio mmoja mkavu, kisha kimya. Vijana sita walilisukuma gari langu hadi juu ya mteremko, huku matatu na malori yaliyokuwa nyuma yangu yakipiga honi kwa pamoja. Betri ya gari ilikuwa na umri wa miezi saba. Alteneta, ile mashine inayozungushwa na injini kuzalisha umeme na kuichaji betri, ilikuwa na miezi mitatu tu, tena mpya kutoka kwenye boksi.

Gari lenyewe ni Toyota Corolla ya mwaka 1994, ile ambayo nchi nzima huiita Toyota 100, na nimekuwa nalo kwa miaka kumi na minne. Kwa kuwa Kenya hairuhusu kuingiza magari yaliyozidi umri wa miaka minane, kila gari la rika hili unaloliona Mombasa limekuwa hapa kwa muda mrefu, na vifaa lilivyokuja navyo vimekuwa vikichoka kimoja baada ya kingine. Mwenye gari kama hilo hulazimika kila mara kuchagua kati ya kifaa cha kiwanda kilichounda gari, kifaa kilichotolewa kwenye gari jingine kikaletwa kwa kontena, na kifaa kipya cha kiwanda kingine ambacho hakikuwahi kuwa na uhusiano na gari hilo. Kwa vifaa vingine uchaguzi huo si mzito sana. Kwa alteneta ni mzito, na mimi nilichagua vibaya kwa sababu ya haraka.

Mambo yalianza Februari, taa nyekundu ya betri kwenye dashibodi ilipokuwa ikiwaka na kuzimika yenyewe. Nililipeleka gari kwenye duka moja la spea mjini ambalo lina fundi wake nje. Muuzaji aliitazama alteneta ikiwa bado imefungwa kwenye injini, akasema, "Hii imekwisha, mwalimu. Mpya ni 9,500, na ukituachia hiyo kuukuu utalipa 8,500." Shilingi elfu moja zilinitosha kukubali. Sikuuliza imekwisha vipi, wala sikuomba ifunguliwe. Nikaiacha pale, ikiwa na kibandiko chake kilichofifia cha Denso, kiwanda cha Kijapani cha vifaa vya magari, katika rundo la nyingine kama kumi na tano zilizolala chini ya meza, na leo najua kwamba rundo lile lilikuwa na thamani kuliko mimi nilivyodhani.

Baada ya kufunga ile mpya, fundi wa duka aliwasha injini, akachukua spana namba kumi na kuchomoa terminali ya betri gari likiwa linanguruma. Injini haikuzimika. "Umeona, mwalimu? Inachaji." Jaribio hili linafanywa kila siku katika gereji zetu, na ningependa sana kila mwenye gari alikatae kwa upole lakini kwa msimamo. Lilikuwa na madhara madogo zamani za dainamo, jina ambalo wazee wengi bado huiitia alteneta, kwa sababu magari ya wakati huo hayakuwa na vifaa laini vya elektroniki. Alteneta huzalisha umeme wa kwenda na kurudi, ambao hupitishwa kwenye diodi ili utoke ukielekea upande mmoja. Betri ndiyo inayomeza mishtuko ya umeme huo. Ikichomolewa ghafla, sumaku iliyo ndani ya alteneta haiwezi kupoa papo hapo, na volti hupanda kwa nukta ya sekunde hadi kiwango kinachoweza kuua diodi au kompyuta ya injini. Isitoshe, hata jaribio likipita salama, linathibitisha tu kwamba kuna umeme kidogo wa kuendesha plagi na pampu ya mafuta. Halisemi lolote kuhusu kitakachotokea usiku wa mvua kwenye foleni ya feri.

Baada ya mkasa ule nilimwendea fundi wa umeme wa magari aliye Magongo, ambaye hufanya kazi chini ya mkungu na ana meza moja, mashine moja ya kuzungushia alteneta, na mita ya umeme ambayo haazimi mtu. Yeye hakuchomoa kitu. Aliweka mita kwenye betri, injini ikinguruma bila kukanyagwa, na ikasoma volti 14.1. Akaniambia niwashe taa kubwa: 13.3. Kiyoyozi na feni yake kwenye kasi ya mwisho: 12.7. Waipa na kipasha joto cha kioo cha nyuma: 12.3. Pale akaniangalia bila kusema neno. Betri iliyojaa na kupumzika husoma takriban volti 12.6, na mfumo wa gari la volti 12 unapochaji vizuri unatakiwa kuwa kati ya 13.5 na 14.8 hivi. Mita ikishuka chini ya 12.6 injini ikiwa inanguruma, maana yake ni kwamba alteneta imeshindwa kubeba mzigo na betri ndiyo inayolilisha gari. Kila dakika niliyokaa kwenye foleni nikiwa nimewasha vitu vyote, nilikuwa nikiimaliza betri yangu.

Ukifanya hesabu utaona kwamba mzigo wenyewe si mdogo. Taa mbili za mbele za wati 55 kila moja zinakula ampea nane hivi. Feni ya ndani ikiwa kwenye kasi ya juu inakula zaidi ya ampea kumi, feni ya rejeta karibu kiasi hicho hicho inapozunguka, waipa nne au tano, na mfumo wa petroli na plagi wa injini yenyewe unahitaji zake. Jumla inaweza kufika ampea 40. Sasa, alteneta iliyoandikwa ampea 70 haitoi 70 wakati wote. Namba hiyo hupimwa ikizunguka kwa kasi kubwa, kwa kawaida mizunguko 6,000 ya alteneta yenyewe kwa dakika, ambayo gari huipata likiwa barabarani. Gari likiwa limesimama, alteneta nzuri hutoa karibu nusu tu. Hivyo mtu anayeishi Likoni, ambaye sehemu kubwa ya safari yake ni kusimama na kusogea, analihitaji sana lile eneo la chini ambalo kibandiko hakilisemi, na ambalo viwanda vya vifaa rahisi ndivyo hulipuuza kwanza.

Fundi alikuwa na alteneta ya Denso ya Toyota 100 nyingine mezani, akachukua kalipa, kifaa cha kupimia vipenyo, na kupima puli za zote mbili mbele yangu, yaani yale magurudumu madogo yanayozungushwa na mkanda. Ile ya Denso ilikuwa na kipenyo cha milimita 58. Yangu mpya ilikuwa na milimita 66. Tofauti ya milimita nane ni ndogo kwa macho, wala mkanda haukuwa na shida yoyote kukaa juu yake, lakini ndiyo iliyokuwa ikinimaliza. Puli ya injini yangu ina milimita 135 na injini hunguruma kwenye mizunguko 750. Kwa puli ya 58 alteneta huzunguka mara 1,746 kwa dakika, na kwa puli ya 66 huzunguka mara 1,534. Katika kasi za chini kama hizo kila mizunguko mia mbili ina uzito mkubwa, kwa sababu alteneta nyingi ndiyo kwanza zinaanza kutoa umeme wa maana. Yaelekea alteneta ile ilitengenezwa kwa ajili ya injini nyingine yenye masikio ya kufungia yanayofanana, kisha ikauzwa kama inayoingia kwenye magari mengi. Inaingia, ndiyo, lakini hiyo ni sehemu ndogo ya kazi yake.

Tulipoifungua tuliona mengine. Fundi alikwaruza waya wa koili kwa wembe, mahali padogo pasipoweza kuleta madhara, na chini ya rangi nyekundu ya shaba ikatokea metali nyeupe: aluminiamu iliyopakwa ngozi ya shaba. Aluminiamu hupitisha umeme kwa takriban asilimia 60 ya uwezo wa shaba kwa waya wa unene uleule, kwa hiyo waya huo hupata joto zaidi kwa kazi ileile, na joto ndilo linalozidi kupunguza umeme unaotoka. Hapa Mombasa, ambapo hewa inayoingia chini ya boneti mwezi wa Machi tayari ina nyuzi 32 au 33 kabla haijapita kwenye rejeta, hilo si jambo la kupuuzwa. Tulizipima zote mbili kwa mizani ya jirani yake anayeuza vyuma chakavu, na ile ya Denso ikazidi kwa robo tatu za kilo. Tangu siku hiyo, nikishika alteneta dukani, kitu cha kwanza ninachofanya ni kuipima kwa mkono dhidi ya nyingine ya aina ileile. Uzito pekee hauthibitishi kitu, lakini wepesi unatosha kumfanya mtu aulize maswali zaidi.

Hapo ndipo nilipouliza kuhusu ile yangu ya kwanza, niliyoiacha dukani kwa shilingi elfu moja. Fundi aliuliza ilikuwa na dalili gani. Nilipomweleza kuhusu taa iliyokuwa ikiwaka na kuzimika, alisema kwamba kwa gari la umri ule, kitu cha kwanza kukishuku ni kaboni, vile vipande viwili vidogo vinavyosugua pete za rota, sehemu inayozunguka ndani, ili kuipelekea umeme wa kuifanya sumaku. Kwa alteneta ya aina ile, kaboni mpya hutokeza nje ya kishikio chake kwa milimita 10.5, na hutakiwa kubadilishwa kabla haijafika 1.5. Ikifika hapo huanza kugusa na kuachia, hasa gari likitikisika, na taa ya betri huwaka na kuzimika kama yangu ilivyofanya. Kuibadilisha ni kazi ya chini ya saa moja, na kaboni zenyewe ni shilingi mia chache.

Wazee walisema usiache mbachao kwa msala upitao, nami niliuacha kwa kweli. Chuma, koili za shaba, na ganda la alteneta iliyotoka na gari havichakai kwa kutumika tu. Vinavyokwisha ni kaboni, beringi mbili, kile kidhibiti volti ambacho mafundi wengi hapa hukiita katauti, na wakati mwingine diodi. Vyote hivyo hupatikana na hubadilishwa. Ndiyo maana ninaamini kwamba kwa gari la zamani, alteneta ya asili iliyofunguliwa na kutengenezwa na fundi anayejua ni bora kuliko alteneta mpya ya bei rahisi, na kwamba mwenye gari asikubali kuiacha ya zamani dukani hata akipunguziwa bei, mpaka awe ameifungulisha na kujua kilichokufa. Wanaozikusanya zile kuukuu wanajua wanachokusanya. Wengine huzitengeneza na kuziuza tena, na hilo si kosa lao. Kosa ni letu sisi tunaowapa shaba nzuri na kurudi nyumbani na aluminiamu.

Sitaki nionekane ninasema kwamba kila kifaa kisicho cha asili ni kibaya. Kuna tofauti kubwa kati ya kifaa kilichotengenezwa na kiwanda kingine na kuuzwa kwa jina la kiwanda hicho, na kifaa ghushi kilichobandikwa jina la Denso au Bosch ambalo si lake. Hiki cha pili ni kosa chini ya Sheria ya Kukabili Bidhaa Ghushi ya mwaka 2008. Cha kwanza ni biashara halali, na baadhi ya viwanda hivyo hufanya kazi nzuri. Ikiwa koili za alteneta yako zimeungua, jambo unaloweza kulijua kwa harufu yake na kwa rangi nyeusi ya varnishi yake, au ganda limepasuka, basi ya kiwanda kingine inaweza kuwa njia ya busara. Ninachoomba ni kwamba ichaguliwe kwa kupimwa, puli kwa puli na ampea kwa ampea, na kwamba mnunuzi aangalie hata pini za plagi yake. Alteneta za Denso za rika la gari langu zina pini tatu: IG inayoiamsha katauti, L inayoendesha taa ya dashibodi, na S inayosoma volti kule kwenye betri. Nimeona alteneta ya kiwanda kingine iliyokuwa na plagi sawa kabisa, lakini pini ya S haikuunganishwa na kitu chochote ndani. Katauti ya namna hiyo husoma volti pale ilipo yenyewe, ikadhani kazi imekwisha, huku betri ikipata pungufu.

Upungufu huo unatokana na nyaya, na hapa sisi wa Pwani tuna tatizo ambalo ndugu zetu wa bara hawalijui sana. Upepo wa baharini una chumvi, na gari linalovuka kivuko kila siku hupata sehemu yake. Chumvi hiyo huingia kwenye kila kiungo cha waya kisichofunikwa vizuri na kuigeuza shaba kuwa unga wa kijani. Waya mnene unaotoka kwenye alteneta kwenda betri, na ule wa athi unaounganisha injini na bodi, ndivyo vinavyoumia zaidi. Fundi aliniwekea mita ncha moja kwenye alteneta na nyingine kwenye terminali chanya ya betri, mzigo wote ukiwa umewashwa, na ikasoma volti 0.6, anasema haitakiwi kuzidi 0.2 au 0.3. Upande wa athi ulikuwa na 0.4. Kwa hiyo volti moja nzima ilikuwa ikipotea njiani kabla hata ya kuilaumu alteneta. Tulikata vichwa vya nyaya vilivyooza, tukaweka vipya, tukavipaka grisi, na volti 12.3 ile ya mwanzo ikapanda hadi 12.8 kabla hatujabadilisha kitu kingine chochote. Mtu anayefunga alteneta mpya juu ya nyaya za miaka thelathini bila kuzipima anaitwisha lawama isiyo yake.

Kuhusu wale wanaofunga alteneta kubwa zaidi, za ampea 120 na kuendelea, kwa sababu ya muziki, nitasema kidogo tu. Alteneta kubwa haiunguzi betri, kwa kuwa hutoa kiasi kinachoombwa tu. Lakini betri ikiwa imekufa na gari likawashwa kwa kusukumwa, ampea nyingi hupita kwa mkupuo kwenye waya na fyuzi vilivyopangiwa nusu yake, na mkanda mmoja mwembamba huanza kulia na kuteleza. Waya ubadilishwe kwanza.

Nililonunua mwishowe ni ganda la Denso, yaani alteneta iliyotumika pamoja na koili zake, lililotoka Japani kwa kontena, kwa shilingi 5,500, na fundi akalitia kaboni, beringi na katauti mpya kwa shilingi 3,200, kazi yake ikiwamo. Jumla ni 8,700, yaani shilingi 200 zaidi ya nilizolipa ile siku ya kwanza, na kama ningelikuwa bado nina alteneta yangu ningelilipa hizo 3,200 peke yake. Kabla sijamlipa tulirudia jaribio lote mbele ya mita: taa, kiyoyozi, feni, waipa, kioo cha nyuma, injini ikinguruma bila kukanyagwa. Ikasimama kwenye 13.6. Kisha akaigeuza mita kwenye umeme wa kwenda na kurudi ili kuona kama kuna diodi inayovuja, na ikasoma chini ya volti 0.1, nayo ni salama, kwa sababu ingefika nusu volti tungelazimika kuifungua tena. Nimeweka mita yangu mwenyewe ndani ya gari sasa, na nimeandika namba hizo nyuma ya kitabu cha gari ili niwe na cha kulinganisha.

Ile mpya ya dukani sikuitupa. Fundi alipata puli ya milimita 58 iliyoingia kwenye ekseli yake, na mezani ilionyesha uhai kuliko nilivyotarajia, ingawa ikipata joto hupungua. Nimeifunga kwa mfuko wa nailoni ili chumvi isiifikie, nikaiweka kwenye buti pamoja na spana namba kumi, kumi na mbili na kumi na nne, kwa usiku ambao huenda nikaihitaji inifikishe nyumbani.